Tangazo la nyumba kwa nyumba kwa duka la mtaani, nani kashajaribu hapa Unguja?

dobi_wa_fuoni

Asalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu. Nina duka la kufua na kupiga pasi hapa Fuoni, nimefungua tangu mwezi wa nne. Nafua kanzu, mashuka, mablangeti, mapazia, na kofia za viua nazitia wanga nikazirudisha umbo lake. Nna mashine mbili za kufulia na moja ya kukausha. Kazi inakuja alhamdulillah lakini wanaokuja ni wale wale, wanaokaa baraza ya mbele ya duka na wale tunaoswali nao mskiti mmoja, ukivuka barabara tu upande wa pili hakuna anaejua kama nipo na kule kuna nyumba chungu nzima, nyengine mpya za ghorofa kabisa.

Sasa kaka yangu yupo Marekani, juzi tukizungumza akanambia kule mwenye duka dogo anakwenda posta anachagua mitaa anayoitaka analipa, basi mtu wa barua anatia karatasi ya tangazo kila nyumba pamoja na barua za siku hiyo, wala huna haja ya kujua jina la mtu. Anasema wauza piza, madaktari wa meno, mafundi bomba wote wanafanya hivyo. Tangu siku hiyo sina jengine ninalolifikiria.

Suali langu, posta ya kwetu inafanya kitu kama hichi? Na kama haifanyi nikisambaza mwenyewe nyumba kwa nyumba itafaa au ntatupa pesa? Nimeweka laki na nusu kwa kazi hii, si pesa ya kuchezea kwangu. Stetasi za WhatsApp naweka kila siku lakini wanaotizama ni jamaa zangu ambao nguo zao nshazifua.

---

mzee_wa_sanduku

Waalaykum salaam kijana. Nimefanya kazi za barua muda mrefu ngoja nikueleze vizuri.

Alichokwambia kaka yako ni kweli. Posta ya Marekani walikianzisha 2011, jina lake Every Door Direct Mail. Kule kila tarishi ana njia yake anayoipita, kwa hiyo mwenye duka hanunui majina ya watu, anachagua njia za matarishi. Karatasi anazifunga mafungu ya 50 mpaka 100, na akizipeleka mwenyewe kaunta ya posta zisipungue 200 wala zisizidi 5,000 kwa siku kwa eneo la postikodi moja. Uingereza nako Royal Mail wana huduma ya namna hiyo. Inawezekana kwa sababu tarishi anapita kila mlango takriban kila siku hata bila ya tangazo lako, wewe unadandia safari ambayo ipo tayari.

Kwetu safari hiyo haipo. Kwetu ni S.L.P., barua kwa kawaida haimfuati mtu nyumbani, mtu ndie anaeifuata barua posta ya Kijangwani au ya Shangani akafungue sanduku lake. Na wenye masanduku wengi ni maofisi, maskuli, makampuni, mahoteli. Mama wa nyumbani wa Fuoni anaetaka kufuliwa mablangeti hana sanduku na hajawahi kulihitaji. Ni kweli 2022 ilipita ile operesheni ya anwani za makazi, njia zikapewa majina na nyumba zikapata namba, na postikodi tunazo, za huku Zanzibar zinaanza na 7, lakini namba kuwepo ukutani ni jambo moja na tarishi kupita kila siku ni jambo jengine.

Lakini usiliache sanduku moja kwa moja. Wewe unafua mashuka, wenye mashuka mengi ni magesti na mahoteli, na hao sanduku wanalo. Barua moja ya heshima kwa meneja, bei zako kwa karatasi ya pili, umeandika unachukua mzigo lini na unarudisha lini, hiyo inasomwa kwa sababu siku hizi barua ya kweli yenye stempu ni chache. Barua 15 za hivyo hazikumalizii pesa zako. Za majumbani tafuta njia nyengine.

---

bimkubwa_mpendae

Mwanangu mie si mtu wa mashine wala wa posta, mie napika. Mikate ya kumimina, ya ufuta, visheti vya harusi, nauza nyumbani Mpendae mwaka wa 9 huu. Na karatasi za nyumba kwa nyumba nishazisambaza mara mbili, mara ya kwanza nilitia hasara na mara ya pili ndio iliyonipa wateja ninao mpaka leo, basi nisikilize.

Mara ya kwanza nilitoa karatasi 500, nikawapa vijana wawili wazisambaze kwa ujira. Wakaenda saa nne asubuhi. Sasa wewe fikiri saa nne asubuhi nyumbani kuna nani, kuna wanawake wapo majikoni wamejifunga kanga, baba hayupo, anasikia hodi ya sauti ya kiume asiyoijua, atafungua? Hafungui, atajibu kwa ndani "hayupo mwenyewe". Basi wale vijana wakawa wanazipenyeza chini ya mlango na nyengine wanaziwacha kwenye baraza, jioni mie napita na mfuko wangu naziona watoto wamezifanya mashua wanazipitisha kwenye mtaro, jina langu linaelea. Niliumia wallahi.

Mara ya pili nikatoa 100 tu. Nikenda mwenyewe na binti wa dada yangu, tukenda baada ya laasiri, watu washapumzika, wanawake wapo nje barazani wanasukana na wanapepeta mchele. Tukatoa salamu, tukakaa kama tumeambiwa kaa, tukaulizwa nyie wa wapi watoto wa nani, ikishajulikana mtoto wa nani basi tena karatasi yako haitupwi, inachomekwa kwenye kioo cha kabati. Zilikuwa siku za katikati ya Shaaban, kila mtu anafikiria futari, nikaandika mkate wa kumimina wa kuagizia ukiniambia kabla ya adhuhuri unaupata kabla ya magharibi. Ramadhani ile nilikuwa sipati usingizi.

Kwa hiyo kwanza tafuta mwanamke wa kwenda nae, dada yako au mkeo. Na kabla hujaanza nenda kwa sheha wa shehia ukamuage, si kwa kuogopa, ni adabu, na akiulizwa "nani hawa wanaopita majumbani" awe na jawabu.

---

yakhe_wete

Mie nipo Pemba, Wete, nashona sare za skuli. Kiukweli yakhe karatasi sie huku hazitusaidii sana, gari la matangazo na spika yake likizunguka mji siku moja kila mtu kashajua. Laki na nusu hiyo kodi gari, asubuhi na jioni, umemaliza.

Karatasi nilizitumia mara moja zikafaa nazo nlizipitisha kwa watoto. Nilimuomba mwalimu mkuu, akakubali, kila mtoto akapewa karatasi yake ampelekee mzee wake, bei ya sare kwa kila darasa na mwisho wa kuleta vipimo. Siku ya pili wazee walikuwa mlangoni. Huku kwetu mtoto ndio tarishi, haipiti siku hajafika nyumbani.

---

dobi_wa_fuoni

Ahsanteni sana sana. Mzee hilo la magesti sikuwahi kulifikiria, ntaliandika hii wiki. Bimkubwa dada yangu yupo na amekubali, yeye anasomesha watoto chuo cha Kurani mtaa huu wa mskiti, wazazi wengi wanamjua.

@yakhe_wete gari la matangazo nimelifikiria lakini naogopa kitu kimoja, mimi nataka nyumba kama mia na kitu za karibu yangu, gari litatangaza mpaka Mwanakwerekwe, sasa mtu wa Mwanakwerekwe ataleta blangeti mpaka huku?

Nimeshaandika karatasi yangu mniangalilie: "Je umechoka kufua? Tunatoa huduma bora, ya haraka na ya uhakika kwa bei nafuu. Tunafua nguo aina zote, mapazia, mazulia, mablangeti, kanzu, kofia, mashuka. Wote mnakaribishwa." Halafu namba ya simu na picha ya mashine ya kufulia.

---

fotokopi_darajani

Mimi kazi yangu ndio hiyo, kuchapa, karatasi kama yako nachapa kila siku na nakwambia kwa nia njema usiichape hivyo.

Huduma bora bei nafuu anaandika kila mtu. Muuza simu kaandika, fundi friji kaandika, kliniki imeandika. Macho ya mtu yanapita juu yake hayashiki popote. Kuna Mmarekani mmoja wa kazi hii ya barua za matangazo, Ed Mayer, aliacha hesabu yake ambayo watu wanaifata mpaka leo, 40-40-20. Yaani katika mia ya mafanikio ya tangazo, arubaini ni unampelekea nani, arubaini ni unampa nini hasa, na ishirini tu ndio uzuri wa karatasi, rangi, picha na maneno. Wateja wangu takriban wote wanakuja wanagombana na mimi kuhusu ile ishirini, rangi ya buluu au kijani, jina likae juu au chini, ile arubaini ya pili hawana kabisa. Wewe arubaini ya kwanza bimkubwa kashakupa. Ya pili ndio hujaiandika, unawapa nini?

Mimi nakuuliza hivi, vuli inakaribia, mvua ikianza watu wanahangaika na kitu gani? Blangeti. Ukilifua nyumbani linakaa siku tatu kwenye kamba linanyeshewa linanuka uvundo. Wewe una mashine ya kukausha, Fuoni nzima wangapi wanayo? Andika hilo tu. "Blangeti ukilileta leo asubuhi kesho jioni unalichukua kavu, hata mvua inyeshe." Halafu chini yake bei ya blangeti, bei yenyewe kwa tarakimu, si nafuu. Mtu wa kwetu akikosa bei anadhani ni ghali na anaona haya kuuliza.

Kisha muoneshe njia. Namba ya nyumba ipo lakini sisi hatuelekezani kwa namba, andika "mkabala na mskiti, mlango wa kijani, karibu na duka la mkaa" au vyovyote ilivyo kwako. Picha ya mashine itoe, imechukuliwa kwenye intaneti inaonekana.

Saizi fanya robo ya A4, yaani A6, karatasi moja inatoa nne. Nyeusi na nyeupe inatosha, lakini chukua karatasi ngumu kidogo ile ya kadi, laini inakunjwa inasahauliwa mfukoni mpaka ikafuliwa na kanzu. Kadi inakaa. Kadi 120 ni karatasi 30 tu za A4, hesabu mwenyewe, laki na nusu yako hutoimaliza hata nusu, zilobaki weka za mara ya pili maana mtu haji kwa kuona mara moja.

Na kitu cha mwisho wateja wangu hawakifanyi na mimi kinaniuma, tia alama. Kadi za upande wa mskiti ziandike herufi M pembeni, za ng'ambo ya barabara B. Mwambie mtu aje na kadi yake apigiwe pasi kanzu moja bure. Kadi zikirudi zipange kwenye kopo mbili. Bila ya hivyo hutojua kama ni karatasi ndio iliyomleta au kajiletea mwenyewe.

---

yakhe_wete

Hapo kwenye kadi na pasi ya bure nimekubali, mie sikuwahi kutia alama. Lakini gari sijaliacha, kwa kitu cha mji mzima kama sare gari ndio lenyewe. Kwa kitu cha mtaa mmoja haya, kadi.

---

mtoto_wa_michenzani

Jamani na sie wa magorofani msitusahau. Mie nasambaza mitungi ya gesi hapa Michenzani, majumba yale marefu, ukiweka karatasi chini kwenye ngazi umeweka kwa upepo. Juu wanawake wazima hawashuki ovyo, wanateremsha kikapu kwa kamba ukitia kitu wanakivuta. Mie kadi yangu nilikuwa natia kwenye kikapu chochote kinachoteremshwa na muuza samaki au muuza mboga, nishapatana nao, basi mama anavuta mchicha wake na kadi ya gesi juu yake. Nadhani nusu ya wateja wangu wa ghorofa ya tatu na nne wamepatikana kwa kamba ile. Naandika mana kasema huko Fuoni kuna majumba mapya ya ghorofa, huko lazima upate mtu wa kukupandishia, mlinzi au anaepeleka maji.

Na usibandike ukutani wala kwenye nguzo za umeme, kubandika ni mambo ya kibali na ada za baraza la manispaa, ukitaka nenda kaulize kwanza. Kadi ya mkononi haikuingizi huko.

---

dobi_wa_fuoni

Asalaam alaykum, nimerudi baada ya wiki tatu na ushee, nimeona si vizuri mmenisaidia halafu ninyamaze.

Tulichapa kadi 120, M 60 na B 60. Tuliandika blangeti, bei, mvua, mlango wa kijani, na pasi ya kanzu moja bure kwa mwenye kadi. Nilikwenda kwa sheha nikamueleza akanambia vizuri na yeye akachukua kadi moja. Dada alikwenda na mwanafunzi wake mkubwa, baada ya laasiri, siku nne. Mimi sikwenda nilibaki dukani.

Mpaka leo zimerudi 23. Za M ni 17, za B ni 6. Pesa zote kuchapa na nauli na nilichowapa wao ni elfu 48, na hao 23 washaleta kazi zaidi ya hizo mara mbili, mana wengi wao waliokuja kwa kanzu ya bure wamerudi na mzigo. Mmoja ana watoto wanaosoma, sare sita kila Ijumaa jioni. Kwa kanzu za bure kuna jambo sikulijua, mtu akija na kanzu moja ya bure anaona haya kuja na moja, anaongeza na mbili za kulipia.

Lakini ninachotaka kuwasimulia zaidi ni hichi. Alikuja bibi mmoja wa upande wa B, mtu mzima sana, kaja kwa miguu polepole na mjukuu wake. Akatoa kofia ya viua kwenye mfuko wa khanga, kazi ya mkono ile ya zamani, vitundu vidogo vidogo hata kimoja hakijapishana na chenzake, imekuwa manjano na imelala upande. Kadi yangu ameikunja kaiweka ndani ya kofia. Akanambia ya marehemu mzee wake, kuna harusi ya mjukuu mwezi ujao na kijana anataka kuivaa, alikuwa hajui wapi ampe mtu asiiharibu, na kadi nilipoandika kofia mstari wa mwisho (fotokopi alinambia nitoe vyote nibakishe blangeti lakini mstari wa kofia niliung'ang'ania, nisamehe) ndio kaona. Sikuitia mashine. Niliiroweka usiku kucha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, asubuhi nikaibana kwa vidole tu bila ya kuisugua, wanga mwepesi, nikaikausha juu ya kopo la maziwa ya unga la kipimo chake kivulini. Imetoka nyeupe. Alipokuja kuichukua aliishika muda mrefu hakusema kitu.

Suali langu la sasa ni upande wa B, kwa nini 6 tu? Nirudie au niache nihamie Tomondo?

---

bimkubwa_mpendae

Mashaallah mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Usihame. Upande wa mskiti wamekuja wengi kwa sababu dada yako ni mwalimu wa watoto wao, upande wa pili hawamjui, hiyo ndio sababu na haina nyengine. Muulize yule bibi wa kofia, ana binti au mkwe wa kumpitisha dada yako kwenye nyumba za jirani zake? Akiingia nae mtu wa pale pale ni kama kaingia mwenyeji. Peleka kadi ile ile usibadilishe, ila subiri harusi ipite, mana kijana akishavaa kofia ile watu watauliza.

---

fotokopi_darajani

Nimekusamehe ya kofia na nimejifunza. Kwa B iandike mstari wa kwanza badala ya wa mwisho, blangeti liwe chini yake, kule inaonesha majumba ya watu wazima. Nitumie maneno leo usiku, Jumamosi uje uzichukue, herufi weka B2 tusije tukachanganya na za mwanzo.

---

mzee_wa_sanduku

Na zile barua za magesti ulizipeleka?

---

dobi_wa_fuoni

Nilitia 12 Kijangwani Jumatatu ya wiki iliyopita, mbili zimejibu kwa simu. Mmoja anataka nifue mashuka 40 kwa wiki kwa majaribio, kesho nakwenda kuyaona. B2 natuma usiku huu inshaallah.